Ushahidi na Ushuhuda: Tukio la Kawangware la 1988

Makala haya yanadhamiria kuchunguza tukio moja lililozua mjadala mkubwa jijini Nairobi, ili kuonyesha kuwa Kiswahili kina nyenzo za kufafanulia mvutano baina ya imani na mipaka ya uthibitisho wa kiakili. Nyenzo hizo ni maneno mawili yenye asili moja ya Kiarabu: ushahidi na ushuhuda.

Mnamo Juni 11, 1988, umati uliokadiriwa na taarifa za wakati huo kuwa wa watu 6,000 ulihudhuria ibada ya uponyaji iliyoongozwa na Mary Akatsa mtaani Kawangware, magharibi mwa jiji. Mwanamume mwenye ndevu, aliyevaa mavazi meupe, alitokea akahutubu kwa muda mfupi kwa Kiswahili. Wengi waliohudhuria waliamini kuwa ni Yesu. Mwezi huohuo gazeti la Kenya Times lilichapisha taarifa ya Job Mutungi pamoja na picha. Huko London, Benjamin Creme, ambaye tangu miaka ya 1970 alikuwa akitangaza ujio wa mwalimu wa ulimwengu aitwaye Maitreya, alidai kuwa aliyeonekana ndiye huyo. Wenye shaka nao walishikilia kuwa alikuwa binadamu kama wengine.

Picha ile ni ushahidi, lakini ushahidi wa nini? Inathibitisha kuwa mtu fulani alisimama mbele ya umati. Haithibitishi alikuwa nani, ndiyo maana picha hiyohiyo iliweza kutumikia mahitimisho matatu yanayopingana. Kadhalika, taarifa ilitaja kuwa mgeni alizungumza Kiswahili kisicho na lafudhi ya kigeni. Hapa matamshi yenyewe yamefanywa hoja, ilhali Nairobi ina wakazi wa asili mbalimbali wanaokizungumza Kiswahili kwa ufasaha. Fauka ya haya, taarifa iliyosambaa duniani ni ya Kiingereza. Kwa hivyo, anayeichambua hotuba ile kwa kutegemea taarifa hiyo anachambua tafsiri.

David Hume, katika insha yake ya 1748 kuhusu miujiza, alitaka maneno ya mashahidi yawekwe kwenye mizani dhidi ya tajiriba ya kawaida ya wanadamu. Mizani hiyo inaufaa ushahidi. Ushuhuda, jinsi neno hili linavyotumika makanisani mwetu, una kazi zaidi ya kuarifu. Mtoa ushuhuda husimama mbele ya wenzake akaeleza lililomgeuza, na kwa kusema hivyo hujifunga kuishi kulingana na kauli yake. William James (1902) alikiri kuwa tajiriba ya namna hii ina mamlaka juu ya aliyeipata, ila haimlazimishi mwingine kuikubali.

Hata hivyo, hatudai kuwa ushuhuda haupaswi kuhojiwa kamwe. Mgonjwa anapoambiwa aache dawa kwa sababu mwenzake ameshuhudia kupona, ushuhuda umevaa joho la ushahidi, na hauna budi kupimwa kama ushahidi, kwa vipimo vya hospitali. Kuchanganya dhana hizi mbili kunaweza kugharimu maisha. Lakini kinyume chake nacho kina madhara: kumdhihaki muumini kwa kukosa vipimo juu ya jambo lisilopimika ni kumnyima haki ya kueleza maisha yake mwenyewe.

Kwa mtazamo wetu, Creme na wenye dhihaka walitenda kosa moja. Kila upande uliugeuza ushuhuda wa waumini wa Kawangware kuwa ushahidi wa hoja uliyokuwa nayo tangu awali. Mhakiki anayezisoma simulizi za imani anapaswa kuuliza kwanza: msemaji anathibitisha jambo, au anajifunga kwalo? Swali hili linatuhusu sisi pia, kwani shahada ya imani ya Mwislamu na shahada itolewayo na vyuo vikuu vyetu zimechipuka kutoka shina hilohilo.