Mjeledi wa Mbwa katika Bonde la Mkata

Mwanzoni mwa Mei 1871, masika yakiwa yamekwisha kuligeuza bonde kuwa ziwa la tope, msafara wa Henry Morton Stanley ulikuwa ukijikokota kuelekea milima ya Usagara. Ulikuwa umetoka Bagamoyo kumtafuta Dk. Livingstone. Mahali penyewe Stanley alipaita Makata. Leo ni bonde la Mkata, ambalo sehemu yake kubwa imo ndani ya Hifadhi ya Taifa ya Mikumi. Pamoja na wapagazi, askari na punda, msafara huo ulikuwa na mbwa mmoja mlinzi kutoka Bombay, jina lake Omar. Alilivuka bwawa pamoja na wenzake, maji yakimfika pale ambapo wanadamu yaliwafika magotini na viunoni, kisha akafa kwa maradhi ya tumbo muda mfupi kabla ya kuwasili Rehenneko, kijiji cha chini ya milima, upande wa Kilosa ya leo. Stanley alimtaja kwa majonzi katika kitabu alichokichapisha London mwaka 1872.

Jina hilo lina uzito wake. Wengi wa watu wa msafara walikuwa Waislamu wa Unguja na Mrima. Kila asubuhi walimsikia mzungu akimwita mbwa kwa jina la khalifa wa pili, na hakuna ajuaye waliambiana nini usiku penye moto. Lakini katika kurasa hizohizo za Makata pana jambo zito kuliko jina. Stanley anasimulia, tena kwa mzaha, kwamba tope na mvua zilipowalegeza watu, alikuwa akiwachangamsha kwa mjeledi wa mbwa migongoni mwao. Kwa hiyo katika bonde lile mbwa alikuwa na jina la mtu, na mtu alikuwa na mjeledi wa mbwa.

Historia ya mbwa katika njia ya Kilosa yaweza kuanzia hapo, kwa sababu mjeledi ule haukuwa wa Stanley peke yake. Baada ya Wajerumani kuitwaa nchi, kila boma lilikuwa na kiboko chake, na idadi ya viboko ikaingia katika lugha yetu kama jina la adhabu yenyewe: hamsa ishirini. Mwaka 1910, Ujerumani kwenyewe, ofisa wa polisi aitwaye Konrad Most alitoa kitabu cha kuwafunza mbwa ambacho kiliongoza mafunzo ya polisi na majeshi kwa miaka mingi. Hakikuwa kitabu cha mjinga. Most alifahamu vyema kwamba mbwa hujifunza kwa kile kinachomfuata mara tu baada ya tendo, na kwamba tuzo iliyochelewa si tuzo. Hata hivyo, msingi wa mafunzo yake ulikuwa fimbo, ukosi wenye miiba, na imani kwamba mbwa hana budi kushindwa kabla ya kufundishwa. Ni fikra ileile iliyotawala katika maboma, na haishangazi kwamba wenye kuishika huku na kule walikuwa watu wa tabaka moja.

Zama hizo za ukoloni zilileta pia neno. Mbwa wa mlowezi, mwenye ukosi shingoni na daktari wa kumtazama, alikuwa mbwa. Yule wa mwanakijiji walowezi walimwita mbwa shenzi. Hapa watu wa pwani hatuna budi kuinamisha vichwa kidogo, maana neno hilo ni letu. Sisi ndio tuliowaita watu wa bara washenzi, Wasagara na Wakaguru wakiwemo, karne nzima kabla walowezi hawajaliokota na kumbandika mbwa wao.

Na sisi tumemtendeaje mbwa? Mafundisho ya Imamu Shafi, ambayo ndiyo yanayofuatwa na wengi pwani, yanamhesabu mbwa kuwa najisi: chombo alichokiramba huoshwa mara saba, moja kwa udongo. Methali nayo inaonya kwamba ukicheza na mbwa utaingia naye msikitini. Hukumu ya tohara ni hukumu ya tohara, wala si ruhusa ya jiwe. Mambo haya mawili yamechanganywa mno katika vichochoro vyetu, hata mtoto akimpopoa mbwa koko huonekana kana kwamba anatekeleza ibada. Hadithi sahihi inamtaja mtu aliyeteremka kisimani, akajaza kiatu chake maji, akakishika kwa meno mpaka juu, akamnywesha mbwa aliyekuwa akilamba udongo kwa kiu, na Mwenyezi Mungu akamsamehe madhambi yake. Surat al-Kahf inamtaja mbwa wa watu wa pangoni, amelala kizingitini na mikono yake ameinyoosha. Surat al-Maida, katika aya ya 4, inahalalisha windo la mnyama aliyefunzwa, na kuihesabu kazi ya kumfunza kuwa sehemu ya elimu ambayo Mungu amemfunza mwanadamu. Imamu Malik, kwa upande wake, hakumwona mbwa kuwa najisi. Wapenzi wa fasihi wanajua pia kwamba Ibn al-Marzuban wa Baghdad, aliyefariki mwaka 921, alitunga kitabu kizima cha kueleza ubora wa mbwa kuliko wengi wa wale wavaao nguo. Jina la kitabu lenyewe ni beti la dhihaka.

Katika vilima vya Kilosa mbwa hakuwa suala la tohara. Alikuwa mfanyakazi. Wasagara, Wakaguru na Wavidunda walimhitaji kwa uwindaji na kwa ulinzi wa mashamba, kwani mahindi yaliyo karibu na msitu huvunwa kwanza na nguruwe na nyani. Wafugaji wa Kiparakuyo na Kimaasai walimtaka awe macho ya zizi usiku. Methali isemayo kwamba mbwa wa msasi mkali ni mkali pia imebeba uchunguzi mzuri wa tabia: mbwa humsoma bwana wake na kumwiga. Msasi aliyeujua msitu hakumpiga mbwa wake ovyo, kwa sababu mbwa mwoga hubweka asipotakiwa na hukimbia anapotakiwa. Basi haifai kusema kwamba huruma kwa mbwa imekuja nchini kwa meli. Ilikuwapo kwa kiasi chake, sambamba na ukatili kwa kiasi chake, kama ilivyo kila mahali.

Kilichokuja baadaye ni maelezo ya sababu. Mwaka 1965, Marekani, John Paul Scott na John Fuller walichapisha matokeo ya utafiti wa muda mrefu juu ya tabia za mbwa. Walionyesha kwamba mtoto wa mbwa ana dirisha fupi, tangu wiki ya tatu hivi hadi ya kumi na mbili au zaidi kidogo, ambamo huamua nani ni wa kwao na nani wa kuogopwa. Aliyeshikwashikwa na wanadamu wakati huo, akazoea sauti zao na harufu zao, hukua akiuamini mkono. Aliyekulia jalalani akijua mawe tu, mkono kwake ni jiwe ambalo bado halijarushwa. Kabla ya hapo, tangu miaka ya 1940, Keller na Marian Breland, waliokuwa wanafunzi wa B. F. Skinner, walikuwa wamekwisha kufunza wanyama wa kila namna kwa sauti ndogo na chakula, pasipo fimbo. Mfano ulio hai wa mafunzo hayo umo katika mkoa uleule ilimo Kilosa, ingawa si wa mbwa. Mjini Morogoro, katika Chuo Kikuu cha Kilimo cha Sokoine, shirika la APOPO limekuwa tangu mwaka 2000 likiwafunza panya buku kunusa mabomu ya kutegwa ardhini, na baadaye vimelea vya kifua kikuu. Panya akipatia, husikia mlio mdogo kisha hupewa kipande cha ndizi au karanga. Akikosea, hapati kitu. Hapigwi. Ukimpiga panya atakachojifunza ni kukukimbia, na panya anayekimbia hafai katika uwanja wa mabomu.

Sasa, yawezekana kuuliza: mbwa wa kijijini hatafuti mabomu, basi yamfae nini hayo? Jibu limo katika ugonjwa mmoja, kichaa cha mbwa, na hapo ndipo upole unapoacha kuwa suala la moyo mwema peke yake.

Kichaa cha mbwa, dalili zake zikishajitokeza kwa mtu, ni mauti. Makadirio yaliyochapishwa mwaka 2015 yalihesabu vifo vipatavyo 59,000 kwa mwaka duniani, karibu vyote kutokana na kuumwa na mbwa, na sehemu kubwa ya wanaokufa ni watoto. Kwa Tanzania, makadirio ya mwaka 2002 yalikuwa vifo vipatavyo 1,500 kila mwaka. Dawa ya kuuzuia ipo tangu Louis Pasteur alipomchanja kijana Joseph Meister, Julai 1885. Jeraha likioshwa mara moja kwa sabuni na maji mengi kwa robo saa, na mtu akawahi sindano zote, hupona. Lakini sindano hizo ni ghali, na hospitali iko mbali. Njia nafuu ni kumchanja mbwa mwenyewe. Asilimia 70 ya mbwa wa mahali wakichanjwa, tena kila mwaka kwa sababu mbwa wetu huzaliwa na kufa upesi, ugonjwa hukosa pa kupita.

Kuanzia mwaka 2010 mpango mkubwa wa majaribio, chini ya Shirika la Afya Duniani, ulianza katika wilaya 28 za kusini mashariki mwa Tanzania, mkoa wa Morogoro na kisiwa cha Pemba zikiwemo. Habari ya Pemba yastahili makala yake. Ugonjwa ulitoweka kisiwani, ukarudi mwaka 2016 kwa kuvuka bahari pamoja na mbwa, na kufikia mwaka 2018 ukakomeshwa tena. Bara kazi ilikuwa ngumu zaidi, na si kwa uhaba wa chanjo pekee. Utafiti uliochapishwa mwaka 2014 kuhusu wilaya za Kilombero na Ulanga ulitaja miongoni mwa vikwazo umbali wa kituo, matangazo yasiyofika, na jambo ambalo wapangaji wa ofisini hawakulipa uzito wa kutosha: wenye mbwa wengi hawakuweza kuwashika mbwa wao. Walikuwa nao nyumbani kwa miaka, wakiwatupia ukoko wa ugali, na hawakuwahi kuwagusa ila kwa fimbo. Siku ya chanjo ilipofika, kamba ilionekana kwa mbwa kama mwanzo wa kipigo, naye akatoroka vichakani. Alirudi usiku kulinda nyumba, bila kinga, na watoto wamelala ndani.

Hii ndiyo sababu Sheria ya Ustawi wa Wanyama ya mwaka 2008, inayomtaka mwenye mnyama amkinge na njaa, kiu, maumivu na hofu, si pambo la kuigwa Ulaya. Katika vijiji vinavyopakana na Mikumi ustawi wa mbwa ni mambo madogo ya kila siku. Ni kibuyu kilichokatwa na kujazwa maji kivulini, kwa kuwa mbwa hatoi jasho kama mtu, hupoza mwili kwa kuhema. Ni kutompa unga ulioota ukungu, eti kwa kuwa ni mbwa. Ni kumtazama macho: katika nchi yenye mbung'o, jicho lililoingia ukungu mweupe pamoja na kukonda laweza kuwa dalili ya nagana, ambayo huua mbwa kama iuavyo ng'ombe. Ni kutomfunga kutwa kwa mnyororo mfupi, maana mbwa wa hivyo huwa mkali kwa kila apitaye, hata kwa mtoto wa nyumba.

Nyumba ya jirani ni hifadhi. Mikumi ilitangazwa kuwa Hifadhi ya Taifa mwaka 1964, na mbwa wa nyumbani haruhusiwi kuingia humo. Maradhi hayasomi mabango. Mbwa mwitu wa Serengeti walitoweka katika uwanda ule mwaka 1991, kichaa cha mbwa kikiwa miongoni mwa yaliyowaangamiza, na mwaka 1994 ugonjwa mwingine unaohusishwa na mbwa wa vijijini uliwaua simba wapatao elfu moja. Mikumi nayo ina simba, na ina mbwa mwitu, wale wenye madoa na masikio ya duara ambao watalii hulipa fedha nyingi kuwaona kwa dakika tano. Sindano anayochomwa mbwa wa kijijini uani mwa shule inawafikia na hao.

Siku ya chanjo, mbwa huletwa kwa chochote kilichopatikana: kitambaa, mnyororo wa baiskeli, na kwa kuwa hii ni Kilosa ya mashamba ya mkonge, kamba ya katani. Mara nyingi anayemleta si baba mwenye nyumba. Ni mtoto wa miaka kumi hivi, kwa sababu ndiye aliyemlea mbwa huyo tangu hajafumbua macho vizuri na ndiye pekee anayekubaliwa kumshika. Afisa mifugo humwambia akae chini, amkumbatie shingoni, amzibe macho kwa kiganja na amwite jina lake polepole mpaka sindano iishe. Majina ni Simba, Popi, Tomi. Si rahisi kumsikia aitwaye Omar.