Chema nacho hutembezwa: Opera, santuri na sauti ya Siti

Wahenga walisema chema chajiuza, kibaya chajitembeza. Ni methali nzuri, lakini historia ya santuri inatulazimisha kuisaili. Sauti ya Enrico Caruso, mwimbaji wa opera kutoka Napoli, ilikuwa chema kwa kipimo chochote kile. Hata hivyo, kampuni iliyoiuza ilimwaga fedha nyingi magazetini mwaka baada ya mwaka ili watu wainunue. Kama chema chajiuza, mbona Caruso alitembezwa hivyo?

Kabla ya kujibu, hebu tulitazame neno lenyewe. Santuri tuliipata kutokana na jina la ala ya nyuzi ya Uajemi na nchi za Kiarabu, ile inayogongwa kwa vijiti vyepesi. Mashine ya kucheza muziki ilipofika pwani yetu, Waswahili hawakuhangaika kuunda neno jipya. Walichukua jina la ala na kuivisha mashine, kisha likateremka hadi kwenye kile kisahani cheusi. Kinanda nacho kikapanuka vivyo hivyo: kutoka ala ya nyuzi hadi gramafoni. Huu ni ushahidi wa kimsamiati kwamba wasemaji wetu waliiona mashine hiyo kama ala nyingine ya muziki, wala si muujiza.

Huko Marekani, kinyume chake, mashine hiyo ilianza na sifa mbaya. Thomas Edison aliibuni fonografu mwaka 1877 akiiwazia zaidi kazi za ofisini. Miaka ya 1890 ilikuwa imegeuka kitu cha burudani ya vichochoroni: unatumbukiza sarafu, unaweka mirija masikioni, unasikia kichekesho au wimbo wa mtaani. Familia iliyojiheshimu haikuona sababu ya kuiweka sebuleni. Ilionekana kama mwanasesere, tena mwenye kelele.

Hapo ndipo opera ilipoitwa kuokoa jahazi. Mwezi Aprili mwaka 1902, Fred Gaisberg wa kampuni ya Gramophone alimrekodi Caruso nyimbo kumi katika chumba cha hoteli mjini Milan kwa malipo ya pauni 100. Mwaka uliofuata kampuni ya Victor ya Camden, New Jersey, ilianza kuuza Marekani sahani zenye lebo nyekundu, zilizotengewa waimbaji wa hadhi ya juu. Caruso mwenyewe akatia saini mkataba na Victor mwaka 1904.

Matangazo ya Victor yalitumia mbinu tatu ambazo mwanaisimu wa leo angezitambua mara moja. Mbinu ya kwanza ilikuwa ya utambulisho. Tangazo moja maarufu liliweka picha ya Caruso akiwa amevalia mavazi ya jukwaani kando ya picha ya sahani, likadai kwamba wote wawili ni Caruso. Tazama ujanja wa kauli hiyo. Halisemi sahani inafanana na mwimbaji. Linasema sahani ndiyo mwimbaji. Ni sitiari iliyovishwa joho la ukweli.

Mbinu ya pili ilikuwa ya samani. Mwaka 1906 Victor ilitoa Victrola, mashine ambayo tarumbeta yake kubwa ilifichwa ndani ya kabati la mbao lenye milango. Bei yake ilikuwa dola 200. Ghafla kile kilichokuwa kidude cha vichochoroni kikawa sehemu ya samani, na matangazo yakaanza kumlenga mama wa nyumba: hiki kitapendeza kando ya makochi yako. Mbinu ya tatu ilikuwa ya elimu. Mwaka 1912 kampuni hiyohiyo ilichapisha kitabu kinene kilichosimulia hadithi za opera, kikaeleza maana ya nyimbo na kutaja nambari ya kila sahani ambayo msomaji angeweza kununua. Kamusi, kitabu cha fasihi na orodha ya bei, vyote kwa pamoja!

Kitabu hicho kilihitajika kwa sababu ya lugha. Wanunuzi wengi hawakujua Kiitaliano. Isitoshe, upande mmoja wa sahani kubwa ulibeba takriban dakika nne tu za muziki, kwa hivyo opera ya saa tatu ilimfikia mtu nyumbani kama vipande vya kitenge. Kipande cha sauti sita kutoka opera ya Donizetti, Lucia di Lammermoor, kilichorekodiwa mwaka 1908, kiliuzwa dola saba, upande mmoja tu. Kibarua wa Marekani wakati huo angefanya kazi siku tatu au zaidi kuipata. Na kwa kweli sahani za lebo nyekundu hazikuwa ndizo zilizouzwa kwa wingi; nyimbo za mtaani za lebo nyeusi ndizo zilizoleta mkate. Opera ilikuwa pambo la dirishani: ilimfanya mnunuzi wa wimbo wa kawaida ajione ameingia duka la waungwana.

Basi, hayo yalitufikia vipi sisi? Njia moja ilipita hapa Nairobi, upande wa magharibi, katika nyumba ambayo leo ni makavazi mtaani Karen. Karen Blixen, aliyeishi nchini kati ya 1914 na 1931, alikuwa na gramafoni aliyoipata kwa rafiki yake Denys Finch Hatton. Katika kumbukumbu zake anaeleza kwamba Kamante, mpishi wake Mkikuyu, alikipenda kipande kimoja cha polepole cha muziki wa Beethoven, ila mara ya kwanza alipokiomba alipata taabu kukieleza. Wengine husoma kisa hicho na kucheka. Mimi naona ndani yake pigo kwa dhana nzima ya lebo nyekundu. Sikio la Kamante halikuhitaji kabati la dola 200 wala kitabu cha maelezo. Alichokosa ni msamiati wa kukitajia kile alichokwisha kukisikia vyema, na kukosa msamiati wa fani si kukosa akili.

Njia ya pili, iliyo muhimu zaidi, ilipita baharini. Mwezi Machi mwaka 1928 kampuni iliyokuwa na nembo ya mbwa anayesikiliza tarumbeta, His Master's Voice, ilimrekodi Siti binti Saad na wenzake mjini Bombay. Siti alizaliwa Fumba, Unguja, mnamo 1880, katika familia ya wafinyanzi, akapewa jina Mtumwa. Inasimuliwa kwamba ujanani alitembeza vyungu mitaani, na sauti yake ya kunadi ndiyo iliyowafanya watu wageuze shingo. Kwa hivyo methali yetu imekwisha kupata jibu lake la kwanza: vyungu vilikuwa vyema, na bado vilitembezwa. Hata jina Siti, lenye maana ya bibi wa heshima, lilikuwa jina la kupewa. Kutoka Mtumwa hadi Siti ni safari ya kitabaka iliyofupishwa katika neno moja.

Ulinganisho na opera si wa kulazimisha. Taarabu ya Unguja nayo ilikuwa muziki wa ikulu. Sultani Barghash, aliyetawala kuanzia 1870 hadi 1888, alimtuma Mohamed bin Ibrahim Misri kujifunza muziki huo, na kwa muda mrefu uliimbwa kwa Kiarabu, lugha ambayo wakazi wengi wa Ng'ambo hawakuielewa, kama vile mama wa New Jersey asivyoelewa Kiitaliano. Lakini hapa ndipo njia zinapoachana. Victor iliuza muziki wa tabaka la juu katika lugha ileile ya mbali, kisha ikauza na kitabu cha kuifasiri. Siti aliichukua taarabu na kuiimba kwa Kiswahili. Akaimba mapenzi, ndiyo, lakini pia mambo yaliyotokea mtaani na mahakamani. Wimbo wake kuhusu Kijiti, muuaji aliyetorokea bara huku wanawake waliokuwa na marehemu wakiadhibiwa, haukuhitaji maelezo ya pembeni. Wasikilizaji waliijua kesi.

Sokoni matokeo yalionekana haraka. Wanahistoria hukadiria kwamba kufikia mwaka 1931 sahani za Siti na kundi lake zilizouzwa zilizidi 70,000. Kampuni shindani za Columbia, Odeon na Pathé nazo zikaja mbio.

Naomba msomaji auangalie tena mwaka huo wa 1928. Ni mwaka uleule ambapo mkutano wa Mombasa uliafiki kwamba Kiunguja ndicho kiwe msingi wa Kiswahili sanifu. Kamati ya Lugha ya Afrika Mashariki ikaundwa 1930. Vitabu vyetu vya isimu husimulia usanifishaji kama kazi ya wamisionari na maafisa wa elimu waliokaa mezani. Simulizi hiyo ina ukweli, lakini ina pengo. Wakati maafisa wakijadili tahajia, Kiunguja kilikuwa tayari kinasafiri ndani ya masanduku ya sahani, kikiimbwa na mwanamke ambaye hakwenda shule. Sisemi santuri ndiyo iliyosanifisha Kiswahili. Nasema ilikizoesha masikio ya watu, na lugha hukubalika kwa masikio kabla ya kukubalika kwa kalamu. Mfanyabiashara aliitambua thamani ya Kiswahili bila kusukumwa na sera yoyote.

Kuna tofauti nyingine. Tangazo la Victor liliuza faragha: familia moja, sebule moja, mlango umefungwa. Huku kwetu mashine moja ilihudumia wengi. Ilipigwa mkahawani, watu wakinywa kahawa na kuyajadili maneno ya wimbo. Mwenye gramafoni alikuwa mwenye baraza. Ile ahadi ya kuusikiliza muziki ukiwa peke yako nyumbani iligeuzwa hapa ikawa mazungumzo, na mazungumzo ndiyo shamba la lugha.

Tusije tukadhani kampuni zilitufanyia hisani. Mabwana wa London walitafuta soko, na faida ilirudi kwao. Hata jina la nembo lile, ukilifasiri katika nchi iliyotawaliwa, linakuwa Sauti ya Bwana Wake, na neno bwana katika koloni halikuwa neno jepesi. Kinachofurahisha ni kwamba chini ya nembo hiyo, sauti iliyotoka haikuwa ya bwana yeyote. Ilikuwa ya binti wa mfinyanzi.

Haya yana uzito leo kwa sababu ushahidi wenyewe unavunjika. Sahani za enzi ya Siti zilitengenezwa kwa gundi ya shelaki. Ukiiangusha moja, umeipoteza. Ziko miongoni mwa rekodi za awali za matamshi ya Kiswahili, na mtafiti wa fonolojia hawezi kuyapata matamshi hayo katika kitabu. Hapa Nairobi, wauzaji wa santuri kuukuu katika Soko la Kenyatta na wenye maduka katikati ya jiji wamehifadhi mengi kuliko idara zetu za vyuo vikuu, chuo changu kikiwemo. Wateja wao wengi ni wageni wanaoondoka nazo. Simlaumu muuzaji, ana watoto wa kulisha. Lakini idara ya Kiswahili inayomfundisha mwanafunzi historia ya usanifishaji bila kumsikilizisha sahani hata moja inafundisha nusu ya somo. Nunueni, rekodini upya kidijitali, andikeni maneno yake. Na wewe msomaji, kama babu aliacha kasha la sahani pale stoo, usilitupe kabla ya kusoma lebo zake.

Tukirudi kwa methali, nadhani wahenga walikuwa na maana finyu kuliko tunavyoitumia. Chema chajiuza mahali ambapo watu tayari wanakijua. Penginepo pote hunadiwa, na mnadi huchagua maneno. Victor ilichagua maneno ya kumfanya mnunuzi ajione mdogo mpaka anunue. Siti alichagua maneno ambayo msikilizaji aliyajua tangu utotoni.