Kutoka Moshi Hadi Mvuke

Sifa zote njema ni za Mwenyezi Mungu, aliyetupa pumzi bila ya kutudai bei yake. Rehema na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad (S.A.W.), na jamaa zake na masahaba zake.

Ama baada ya hayo. Ndugu msomaji, katika neema ambazo mwanadamu huzisahau mpaka zimtoke, pumzi ni ya mbele. Mimi ni mtu wa pwani kwa kuzaliwa, lakini nimekaa Mbeya miaka mingi nikisomesha Qur'ani. Mji huu uko kiasi cha mita 1,700 juu ya usawa wa bahari, na mlima Loleza ulio nyuma yake unapindukia mita 2,600. Hewa ya huku ni nyepesi. Mtu wa Tanga au Lamu akija, wiki ya kwanza hupanda kilima kidogo tu akasimama njiani, mkono kifuani.

Nilipofika nikiwa kijana nilikuwa mvuta sigara, na wenzangu wakiniambia kwamba sigara huleta joto. Baridi haikupungua, kilichopungua ni pumzi. Nikisoma mbele ya wanafunzi, madda ya harakati sita ilinikatikia kwenye ya nne, na nikasimama mahali pasipostahiki kusimamwa. Watoto walitazamana. Basi niliacha kwa haya kabla ya kuacha kwa elimu.

Nimeyakumbuka hayo kwa sababu ya mwanafunzi wangu wa zamani, msomaji mwenye sauti nzuri, aliyenijia majuzi. "Shikamoo, maalim." "Marahaba, mwanangu." Akatoa mfukoni kichombo mfano wa kalamu, akasema kwa furaha: "Maalim, sigara nimeiacha. Sasa navuta mvuke tu. Je, kifua changu kitarudi?" Sikutaka kumjibu kwa hasira wala kwa pupa, kwani swali lake lina historia ndefu, na sehemu ya historia hiyo imepita katika ardhi hii hii ya Nyanda za Juu.

TUMBAKU ILIVYOTUFIKIA

Tumbaku si mmea wa kwetu. Asili yake ni Amerika, na ulimwengu wa huku haukuijua mpaka baada ya safari ya Columbus ya 1492. Kwetu ilifika katika zama za Wareno, ikaenea pwani na bara. Wazee wetu waliivuta kwa kiko cha maji: kifuu cha nazi chenye maji, digali la kupitishia moshi, na ile sauti ya malio iliyokuwa ikisikika barazani jioni. Walidhani maji yanausafisha moshi. Wengine walinusa ugoro, na wengine waliitia tumbaku katika tambuu.

Maulamaa walikhitilafiana mapema. Mjini Cairo, Sheikh Ibrahim al-Laqani aliandika kuikataza, na Sheikh Ali al-Ajhuri, aliyefariki 1656, akaandika kuihalalisha. Na wote wawili walikuwa wa madhehebu ya Imam Malik. Sultan Murad wa Nne wa Uturuki aliipiga marufuku 1633 na akawaua watu kwa ajili yake. Kisha Sheikh Abdulghani an-Nabulsi wa Damascus, aliyefariki 1731, akaitetea.

Tuwafanyie insafu wazee hao. Waliohalalisha walisema kwamba haileweshi kama pombe, na kwamba madhara yake hayajathibiti. Hoja yao yote ilisimama juu ya kutothibiti huko. Nguzo ikianguka, je, paa litabaki hewani?

MVUKE WA KWANZA

Mkulima wa Chunya au wa Iringa ukimuuliza analima tumbaku gani, atakujibu: tumbaku ya mvuke. Wa Songea atakwambia: tumbaku ya moshi. Ya Songea hukaushwa kwa moto wa wazi, moshi ukaligusa jani. Ya mvuke hukaushwa ndani ya bani; moto huwa nje, na joto hupita katika mabomba bila ya moshi kuligusa jani.

Njia hiyo ya joto kali ilianza 1839 huko North Carolina, Marekani, kwa mkono wa mtumwa mmoja aitwaye Stephen Slade, aliyetia makaa katika moto uliokuwa ukizimika, na majani yakageuka manjano mazuri. Huku kwetu walowezi wa Iringa, wengi wao Wagiriki, waliilima tumbaku hiyo katika miaka ya 1940 na 1950. Urambo ikaipokea baada ya mradi wa karanga kuanguka. Na Chunya ikawa mashuhuri kwayo. Miti mingi ya miombo imeingia katika mabani hayo.

Sasa sikiliza vizuri, maana hapa ndipo penye siri. Moshi wa tumbaku za zamani ulikuwa mkali, ukichoma koo. Wavutaji wengi waliuchezea mdomoni wakautoa. Moshi wa tumbaku ya mvuke una asidi ndani yake. Haulichomi koo, kwa hivyo hushuka mpaka ndani kabisa ya mapafu. Mwaka 1881 James Bonsack alipata hati ya mashine yake iliyoweza kutengeneza sigara kiasi cha 120,000 kwa siku. Jani laini na mashine ya haraka vilipokutana, mapafu ya wanadamu yakafunguliwa mlango ambao hayakuwa yameufungua kabla yake. Ulaini ndio uliokuwa mtego.

KICHUJIO NA AHADI ZAKE

Ilichukua miaka karibu 70 tangu mashine hiyo mpaka ushahidi kudhihiri. Mwaka 1950 watafiti Richard Doll na Austin Bradford Hill wa Uingereza walionyesha uhusiano wa sigara na saratani ya mapafu. Chuo cha Matabibu cha London kikatoa taarifa yake 1962, na Daktari Mkuu wa Marekani akafuata Januari 1964. Ile nguzo ya kutothibiti ikaanguka.

Wauzaji walifanya nini? Walileta kichujio, kisha wakaleta sigara walizoziita nyepesi. Watu walizivuta kwa nguvu zaidi na kwa wingi zaidi, na maradhi hayakupungua. Mkataba wa Shirika la Afya Duniani ulioanza kutumika 2005, ambao Tanzania iliuridhia 2007, umeyataja maneno ya namna hiyo kuwa ni ya kupotosha. Kisha kikarudi kiko cha maji kwa jina la shisha, chenye harufu ya matunda na makaa juu yake, mpaka Serikali yetu ikaipiga marufuku 2016.

Maji, kichujio, na jina la wepesi: kila zama zilikuja na kisafishio chake, na kila mara kifua ndicho kilicholipa.

MVUKE WA PILI

Sigara ya kielektroniki ilibuniwa 2003 na Hon Lik, mfamasia wa Uchina, mvuta sigara ambaye baba yake alikufa kwa saratani ya mapafu. Hatuna sababu ya kumdhania vibaya. Alitafuta njia ya kutoka. Ndani ya kichombo mna betri na waya unaopata moto, na maji maji yenye nikotini, gliserini na manukato. Kitokacho si mvuke wa sufuria ya chai, bali ni matone madogo mno ya maji maji hayo yanayoelea hewani.

Haki isemwe hata ikiwa yapendeza wavutaji. Hapa hakuna kinachoungua, kwa hivyo hakuna lami nyingi ya sigara wala ile hewa ya kaboni monoksidi, ambayo hushikamana na damu kwa nguvu zaidi ya mara 200 kuliko oksijeni. Anayeacha sigara kabisa, hewa hiyo humtoka katika muda wa siku moja hivi, na damu yake hubeba oksijeni kama inavyopasa. Kikohozi na kukatika pumzi hupungua katika miezi inayofuata. Madaktari wa Uingereza huwaambia wavutaji kwamba kuhama kabisa kuna madhara machache kuliko kubaki, na majaribio mengi yameonyesha kuwa njia hii imewasaidia baadhi ya watu kuacha.

Lakini sikiliza upande wa pili. Anayevuta vyote viwili, sigara na mvuke, hajahama. Nikotini huuenzi utumwa ule ule, huuharakisha moyo na kupandisha shinikizo la damu, na moyo unaokwenda mbio kabla ya mwendo hautakufikisha mbali kilimani. Vifuko vya hewa vilivyokwisha bomolewa na sigara havijengeki tena. Marekani, kuanzia 2019 hadi Februari 2020, watu 2,807 walilazwa kwa maradhi ya mapafu na 68 wakafa. Wengi wao walivuta mafuta ya bangi yaliyochanganywa na aina ya vitamini E. Pafu halikuumbwa kupokea mafuta.

Na kuanzia 2015 wauzaji walitia asidi katika nikotini ili isichome koo, ishuke ndani bila ya kusikika. Unakumbuka bani la 1839? Hila ni ile ile, na jina ni lile lile: mvuke. Sigara ilihitaji miaka 70 kudhihirisha ubaya wake. Kichombo hiki hakijafika hata nusu ya umri huo. Hesabu mwenyewe.

JAWABU

Nilimwambia hivi: "Mwanangu, fiqhi inamruhusu aliyebanwa na madhara mawili achukue lililo jepesi. Lakini jepesi ni daraja, na darajani hapajengwi nyumba. Sigara usiirudie hata moja. Mvuke upunguze, uwekee siku ya mwisho, kisha uutupe. Ramadhani hukaa mchana kutwa bila ya sigara wala mvuke, kwani vyote viwili vinafunguza. Basi uwezo unao, Mola amekwisha kukuonyesha."

Nikamtaka asome. Alianza vizuri, kisha akakatika kabla ya kituo. Nikamwonyesha mahali pa kurudia. Akarudia, na safari hii akafika, ingawa kwa tabu. Alipoondoka kichombo kilikuwa bado mfukoni mwake; sikumpokonya, maana cha kupokonywa hurudiwa.

Nanyi wazazi wa pwani, mkisikia harufu ya embe chumbani mwa kijana na embe halipo, msicheke. Kijana asiyewahi kuvuta hana madhara anayoyakimbia. Huyo haingii katika ruhusa, bali katika makatazo ya aya ya 195 ya Suratul Baqara, ya mtu kujiangamiza. Mwelezeni kwa upole, na mapema.

Mwenyezi Mungu atuhifadhie pumzi zetu mpaka ile ya mwisho, na aijaalie iwe ya shahada. Amin. Wabillahi tawfiq.