Nani Alisugua Jiko?

Inua kile chuma kinachoshika sufuria juu ya meko yako. Chini yake kuna kitu cha kahawia, kinang'aa kama vanishi, na ukikikwaruza kwa ukucha kinakataa. Hayo yalikuwa mafuta ya kupikia. Yakichomwa tena na tena, hushikana na hewa, chembe zake zikaungana kuwa minyororo mirefu, karibu kama rangi ya mafuta inavyokauka mlangoni. Ndiyo maana sabuni ya vyombo inateleza juu yake tu na kwenda zake.

Nimekuwa nikijiuliza Eastlands ilianza lini kuwa na huu uchafu. Shosh yangu alipikia Kaloleni miaka mingi na hakuujua. Alijua uchafu mwingine.

Tuanze na nyumba zenyewe. Serikali ya kikoloni ilipojengea wafanyakazi Waafrika mitaa huku mashariki mwa Nairobi, hesabu nyingi zilikuwa za kitanda: mwanamume mmoja, kitanda kimoja, chumba cha watu watatu au wanne. Mke alitarajiwa abaki kijijini akilima. Kaloleni ya miaka ya 1940 ilikuwa afadhali kwa sababu angalau ilifikiria familia, lakini mitaa mingi haikuwa na mpango wowote wa mtu kukaanga kitunguu. Ni 1954 ndipo kamati ya mishahara ya Waafrika, ile inayoitwa ya Carpenter, ilipopendekeza mfanyakazi alipwe mshahara wa kutosha familia, si wa kapera. Hapo wanawake walikuwa washakuja kitambo. Walikuja na sufuria, wakaweka jiko la makaa mlangoni, wakapika.

Jiko la makaa lilikuwa na busara yake. Halikuwa na bati pana la kukusanya mafuta. Yaliyomwagika yaliingia motoni yakaungua. Kilichobaki ni masizi kwenye sufuria, na dawa ya masizi ilikuwa palepale chini ya jiko: jivu. Jivu lina chumvichumvi ya potashi ambayo ikikutana na mafuta na maji hutengeneza sabuni kiasi, na punje zake zinasugua bila kukwaruza sana. Watu wa Magharibi kama shosh walilijua zaidi ya hapo, kwa sababu jivu la maganda ya maharagwe, likichujwa kwa maji, ndilo munyu musherekha wa kulainisha mboga. Kinacholainisha mrenda ndicho kinachong'oa mafuta. Na hakikununuliwa.

Halafu ikaja stovu ya mafuta ya taa, ile ya tambi, na hapo mambo yakabadilika bila mtu kutangaza. Stovu ilifaa chumba kimoja: unawasha chai haraka na hungoji makaa yashike. Lakini ilileta masizi mabaya zaidi, yenye mafuta ndani yake, na haikutoa jivu hata kijiko. Kwa mara ya kwanza usafi wa sufuria ukawa kitu cha kununua dukani. Waya ya kusugua. Sabuni ya unga. Mathe alikuwa akipaka sabuni ya kipande chini ya sufuria kabla ya kuiweka motoni, ili masizi yatoke kwa urahisi. Sabuni kabla na sabuni baada, fanya hesabu.

Na hapa nicheke kidogo. Hapo Industrial Area, ng'ambo tu ya Makongeni, kampuni ya East Africa Industries, iliyokuwa chini ya Unilever, iliuza Kimbo na ikauza Omo. Mafuta yanayokwama na sabuni ya kuyatoa, mfuko mmoja. Sisemi ni njama. Nasema tu kwamba mtu wa Jericho aliyefanya kazi kule alilipwa, kisha mshahara ukarudi kulekule kwa njia mbili.

Gesi ndiyo ilileta huo ugumu wa kahawia. Kanuni za 2009 zilifanya mitungi ya kampuni mbalimbali itumie vali moja, ukaweza kubadilisha mtungi popote, na 2016 gesi ikaondolewa kodi ya VAT. (Mwaka 2021 kodi ikarudi, asilimia 16, na mtaa ukasikia.) Sensa ya 2019 ilipofanywa, asilimia 23.9 ya nyumba za Kenya zilipikia gesi. Masizi yakaisha. Lakini sasa jiko liko ndani, lina bati, na ukuta uko nyuma yake, na chapo za Jumapili zinarusha mafuta mahali ambapo moto hauyafikii kuyamaliza. Yanakaangwa polepole hadi yanakuwa vanishi.

Vitabu vya historia ya Eastlands vinajua ukumbi wa Kaloleni na siasa zake. Havijui nani alikuwa nyuma ya nyumba na zile sufuria. Kwetu alikuwa auntie. Aliletwa kutoka Vihiga mwaka 1979 akiwa na miaka 12, asaidie kazi kwa muda, shule atatafutiwa. Alisugua masizi ya stovu ya watu tisa kila jioni. Shule haikutafutwa. Mtaani mzima kulikuwa na wasichana kama yeye, na kila badiliko la moto niliyoyataja hapo juu liliwafikia kwanza mikononi.

Yeye ndiye anayetumia magadi. Mama mboga anayo, kwa bei ya kitu kidogo, na inatoka Ziwa Magadi, ambako kampuni ya magadi iliundwa 1911 na bado inachimba. Ni ndugu wa jivu, soda badala ya potashi. Zima gesi, funga mtungi, jiko lipoe. Koroga vijiko viwili kwenye kikombe cha maji moto, chovya kitambaa, kilaze juu ya uchafu nusu saa, kisha kwangua na kipande cha plastiki. Vaa glavu. Ile tabaka nzee itataka raundi mbili au tatu. Na usiguse sufuria ya aluminiamu nayo, itageuka nyeusi na kuliwa.

Auntie anakaa Umoja siku hizi, ana meko na vijana wawili wa kiume. Kwake anayekaanga ndiye anayepangusa. Mkubwa wao ndiye aliyenionyesha kwamba kitambaa kinafanya kazi haraka zaidi bati likiwa bado na uvuguvugu kidogo, si baridi kabisa.