Matigari: Mwalimu Aliyetafutwa na Polisi

Utangulizi

Riwaya zinazomrudisha duniani mjumbe wa Mungu ili kuona atapokelewa vipi si chache. Mrusi Dostoevsky, katika riwaya yake ya mwisho inayohusu ndugu wa ukoo wa Karamazov, iliyokamilika mwaka 1880, aliingiza kisa cha Yesu kurudi katika mji wa Seville zama za mahakama za kanisa. Anatambuliwa na watu, kisha mkuu wa mahakama hizo anaamuru akamatwe. Mgiriki Kazantzakis naye alisimulia habari za mchungaji wa kondoo aliyechaguliwa na kijiji kuigiza Yesu katika mchezo wa mateso. Mchungaji huyo alipoanza kuishi kama alivyotakiwa kuigiza, wanakijiji wakamuua.

Afrika Mashariki nayo inayo riwaya ya aina hiyo, nayo ina historia ambayo hizo nyingine hazina. Riwaya hiyo ni Matigari ma Njirũũngi ya Ngũgĩ wa Thiong'o, iliyotolewa kwa Kigĩkũyũ nchini Kenya mwezi Oktoba 1986. Kwa mujibu wa maelezo ya Ngũgĩ mwenyewe katika toleo la Kiingereza, kufikia Januari 1987 wapelelezi walikuwa wameripoti kwamba wakulima wa Kenya ya Kati wanamzungumzia mtu aitwaye Matigari, ambaye anazunguka nchi nzima akidai kweli na haki. Amri ikatolewa akamatwe. Polisi walipogundua kuwa mtu huyo yumo kitabuni tu, wakakigeukia kitabu, na Februari 1987 wakaingia katika maduka ya vitabu wakakusanya nakala.

Kisa hiki husimuliwa mara nyingi kama kichekesho. Makala haya yananuia kukitazama kama historia. Tutaonyesha kwamba Matigari hakuibuka ghafla, bali ni hatua ya mwisho ya safari ya robo karne ambayo Ngũgĩ aliianzia Makerere. Katika safari hiyo mambo mawili yalibadilika kwa pamoja: sura ya mkombozi na lugha ya kumsimulia.

Masihi wa kwanza alikuwa mwalimu

Ngũgĩ, ambaye wakati huo akiitwa James Ngugi, aliingia Chuo Kikuu cha Makerere mwaka 1959. Akiwa bado mwanafunzi, mwaka 1961 aliandika riwaya kwa ajili ya mashindano ya uandishi, akaipa jina la Kiingereza lenye maana ya Masihi Mweusi. Riwaya hiyo ndiyo iliyochapishwa mwaka 1965 kwa jina la The River Between.

Shujaa wake ni Waiyaki, kijana ambaye baba yake amemwambia habari za utabiri wa kale kwamba mkombozi atatoka katika ukoo wao. Waiyaki anaamini kwamba wokovu wa watu wake umo katika elimu. Anajenga shule, anafundisha, na watu wanamwita Mwalimu kwa heshima kubwa. Hata hivyo, anachelewa kuwauliza watu wenyewe wanataka nini, na mwishowe umati uliomshangilia unamwacha mikononi mwa mahasimu wake.

Mwaka 1967 ikafuata A Grain of Wheat, ambayo jina lake linatokana na maneno ya Injili ya Yohana kuhusu punje ya ngano. Humo wanakijiji wanamtukuza Mugo kama shujaa aliyeteseka kwa ajili yao, kumbe ndiye aliyemsaliti mpigania uhuru Kihika. Katika sherehe za uhuru anasimama mbele ya halaiki na kukiri.

Tukiziweka riwaya hizo pamoja, tunamwona mwandishi anayevutwa na wazo la mkombozi na papo hapo analitilia shaka. Wa kwanza ni mkweli, lakini yu mbali na watu wake. Wa pili anatukuzwa kwa sifa asizostahili. Zote mbili ziliandikwa kwa Kiingereza, lugha ambayo wazee wa Limuru waliokuwa mfano wa wahusika hao hawakuisoma. Mwaka 1970, akihutubia mkutano wa Kanisa la Presbiteri mjini Nairobi, Ngũgĩ alitamka wazi kuwa yeye si Mkristo, na baadaye akaliacha jina la James. Lakini Biblia haikuondoka katika kazi zake. Iliendelea kuwa hazina ya visa ambavyo wasomaji wake walivijua kwa moyo.

Kutoka Kiingereza hadi Kigĩkũyũ

Mwaka 1977 Ngũgĩ na Ngũgĩ wa Mĩriĩ walishirikiana na wanakijiji wa Kamĩrĩĩthũ kuigiza Ngaahika Ndeenda. Serikali iliuzuia mchezo huo mwezi Novemba, na siku ya mwisho ya mwaka huo Ngũgĩ akatiwa kizuizini. Ifahamike kwamba mwaka huohuo alikuwa ametoa Petals of Blood, riwaya ya Kiingereza yenye lawama kali zaidi, na riwaya hiyo ikazinduliwa bila kupigwa marufuku. Mtu anaweza kubishana kuhusu sababu zote za kukamatwa kwake, ila yeye alihitimisha kwamba kosa lake kubwa lilikuwa kuzungumza na watu kwa lugha yao.

Akiwa katika gereza la Kamiti aliandika Caitaani Mũtharaba-inĩ kwenye karatasi za chooni. Kitabu hicho kilitoka mwaka 1980, na tafsiri yake ya Kiswahili, Shetani Msalabani, ikatoka mwaka 1982. Ngũgĩ ameeleza jinsi riwaya hiyo ilivyosomwa kwa sauti majumbani, katika matatu na katika vilabu vya pombe. Msomaji hodari angefika mahali patamu, akanyamaza, mpaka bilauri yake ijazwe tena. Hapo ndipo penye ufunguo wa mambo yaliyotokea mwaka 1987. Kitabu kimoja kilikuwa na wasikilizaji wengi, na wengi wao hawakukishika mkononi kamwe. Matigari yenyewe inaanza kwa kumhutubia msomaji ambaye pia ni msikilizaji, nayo imejengwa juu ya ngano ya mgonjwa anayekwenda kumtafuta mzee awezaye kumponya, akiulizia njia kwa kila anayekutana naye.

Mtu mwenye swali

Matigari ni mpiganaji wa msituni. Jina lake kamili lina maana ya watu waliobakizwa na risasi. Baada ya kumshinda mlowezi Williams na mtumishi wake John Boy, anazika silaha zake chini ya mti wa mugumo, anajifunga mshipi wa amani, kisha anatoka kwenda kuitafuta familia yake na nyumba aliyoijenga kwa mikono yake. Anakuta nyumba inakaliwa na mtoto wa John Boy, msomi ambaye kijiji kilichanga fedha kumpeleka ng'ambo.

Waliosoma Injili wanatambua upesi wanachosomewa. Wanaomfuata Matigari ni Mũriũki, mtoto anayelala katika magari mabovu, Gũthera, mwanamke aliyesukumwa na dhuluma katika ukahaba, na mfanyakazi Ngarũro wa Kĩrĩro. Akiwa mahabusu anagawana chakula na kinywaji na wafungwa wenzake. Wanatoka gerezani kwa namna ambayo mitaani inageuka kuwa habari ya muujiza, ingawa msomaji anajua baadaye kwamba funguo zilipatikana kwa kafara ya Gũthera. Uvumi unaenea kuwa Yesu amerudi. Watoto wanapomuuliza kama ndiye, Matigari anakana, na anawaeleza kuwa Mungu anayengojewa yumo ndani yao na ndani ya wanadamu wengine.

Hapa ndipo anapotofautiana na Waiyaki. Waiyaki alikuja na majibu. Matigari amekuja na swali moja tu: anauliza ni wapi kweli na haki zinapopatikana. Analiuliza sokoni, kwa wakulima, kwa mwanafunzi, kwa mwalimu, kwa kasisi. Wasomi wanamjibu kwa woga wa watu wanaojua kuwa kuta zina masikio. Mwishowe anafika mbele ya Waziri wa Kweli na Haki, na huko anaishia kupelekwa hospitali ya wagonjwa wa akili. Muda wote huo redio ya serikali, Sauti ya Kweli, inatangaza, na maprofesa wa elimu ya kikasuku wanaitikia. Msomaji wa Kenya hakuhitaji tanbihi. Mwezi Septemba 1984 Rais Moi alikuwa amewataka mawaziri na wananchi kwa jumla waimbe kama kasuku wimbo anaouimba yeye. Tangu 1982 katiba iliruhusu chama kimoja tu, na mwaka 1986 walimu wa vyuo vikuu na wanafunzi walikuwa wakikamatwa kwa tuhuma za kuwa wafuasi wa Mwakenya.

Kwa hiyo wapelelezi wa mwaka 1987 hawakuwa wajinga kiasi tunavyodhani. Waliyoyasikia vijijini yalikuwa ya kweli: watu walikuwa wakiuliza. Kosa lao lilikuwa kudhani kwamba swali lazima liwe na mtu mmoja anayelibeba. Walifanya lilelile lililofanywa na askari ndani ya riwaya, ambao walimsaka mtu aliyekwisha kusambaa midomoni mwa watu. Mwisho wa kitabu Matigari na Gũthera, wakiwa wamejeruhiwa, wanatoweka mtoni, na hakuna ajuaye kama wamekufa. Anayebaki ni Mũriũki, ambaye anarudi kwenye mti wa mugumo na kuzichukua silaha. Mwandishi wa The River Between asingalifikia tamati hiyo. Yule alimwacha masihi wake peke yake gizani.

Matokeo yake kwa lugha yalikuwa machungu. Kitabu kilichoandikwa ili kiwafikie wenye lugha yao kilinyang'anywa wenye lugha. Tafsiri ya Wangũi wa Goro ilipotoka mwaka 1989, Matigari alikuwa akiishi uhamishoni kama mwandishi wake, akizungumza Kiingereza.

Swali hilo kwa Kiswahili

Walimu wa tafsiri wanaweza kuliweka swali la Matigari mbele ya wanafunzi wao na kuona jinsi linavyokaa katika Kiswahili. Neno haki limetoka katika Kiarabu, ambako hubeba pia maana ya ukweli, na Al-Haqq ni mojawapo ya majina ya Mwenyezi Mungu kwa Waislamu. Maana hiyo haikupotea njiani. Mswahili anayeapa kwa kusema "haki ya Mungu" hazungumzii mahakama. Anasema kwamba analolisema ni kweli. Kwa hiyo, anayeuliza habari za kweli na haki kwa Kiswahili anauliza jambo ambalo mizizi yake ni mmoja, na wizara inayodai kuvimiliki vyote viwili inasikika kama inadai cheo cha Mungu. Ni zoezi zuri, kwa kuwa linamfunza mwanafunzi kuwa lugha inayopokea huleta maana zake yenyewe.

Hitimisho

Ngũgĩ alirudi Kenya mwaka 2004 baada ya miaka 22 ya uhamisho, na alifariki nchini Marekani tarehe 28 Mei 2025. Historia ya riwaya yake inatuhusu kwa karibu sisi tunaofundisha Kiswahili Uganda. Hapa kwetu wengi walikisikia Kiswahili kwanza kama lugha ya amri, kutoka kwa askari kwenye vizuizi vya barabarani katika miaka ya Idi Amin. Mwaka 2005 katiba ilikitambua kuwa lugha rasmi ya pili, na mwaka 2022 Baraza la Mawaziri liliagiza kifundishwe shuleni kama somo la lazima. Hayo ni maendeleo. Lakini lugha iliyoletwa kwa amri haiwi ya watu kwa sababu ya amri nyingine, hata ikiwa njema. Itakuwa yao siku watakapoitumia kuuliza.

Mwalimu wa lugha, basi, ana wa kuwachagua wawili. Anaweza kuwa Waiyaki, anayejenga shule na kujaza madaftari kwa majibu. Anaweza pia kumwachia mwanafunzi nafasi ya kusimama darasani na kuuliza kwa Kiswahili jambo linalomuuma, hata kama sarufi yake inachechemea. Ngeli zitanyooka baadaye. Mwanafunzi aliyezoea kunyamaza ndiye kazi ngumu.