Juu ya Neno "Kasoro" katika Historia ya Fuwele-oevu

Mwaka 1888 mtaalamu wa mimea Friedrich Reinitzer, huko Prague, aliipasha moto kolesteroli benzoati akaona ikiyeyuka mara mbili: kwenye nyuzi 145.5 za Selsiasi ikawa kiowevu chenye ukungu, na kwenye nyuzi 178.5 ukungu ukatoweka. Alimwandikia Otto Lehmann, ambaye mwaka uliofuata alizitangaza fuwele zinazotiririka. Wengi walibisha. Fuwele ni kitu kilichopangika, nacho kiowevu hakina mpango. Kuyaunganisha maneno hayo kulionekana ni kujipinga.

Georges Friedel ndiye aliyetia majina mwaka 1922. Jina "nematiki" alilitoa katika neno la Kiyunani lenye maana ya uzi, kwa ajili ya nyuzi zilizoonekana katika hadubini. Yafaa ikumbukwe kwamba nyuzi hizo si molekuli. Ni mahali ambapo mpangilio wa molekuli umevunjika. Dutu nzima, basi, ilipewa jina la kasoro yake.

Molekuli za nematiki hulala kama vijiti visivyo na kichwa wala mkia. Ukiizunguka kasoro, mwelekeo wao hugeuka nusu mzunguko, na kasoro huwa ya nusu chanya au nusu hasi. Msomaji atazame ncha za vidole vyake: pale mistari inapopinda na kurudi ilikotoka ni chanya, pale mikondo mitatu inapokutana ni hasi.

Mwaka 2012 Zvonimir Dogic na wenzake, katika Massachusetts, walichanganya mikrotubuli na protini ya kinesini inayotumia ATP. Vijiti hivyo vilisukumana vyenyewe. Kasoro zilizaliwa mbili mbili, na ile chanya, kwa kuwa ina mbele na nyuma, ilikwenda kwa nguvu zake. Ulitokea msukosuko usiotulia maadamu chakula kipo. Huu si ule wa mabomba alioueleza Osborne Reynolds mwaka 1883, unaohitaji kasi. Hapa mwendo ni wa polepole mno. Mwaka 2017 ikaonyeshwa kwamba katika utando wa chembe hai, chembe zilizo penye kasoro chanya huelekea kufa na kusukumwa nje.

Je, "kasoro" latosha? Katika Kiswahili neno hili hupunguza: saa nane kasorobo. "Kasoro chanya" ni upungufu unaoongeza, na ajabu zaidi, unaotembea. Twapendelea "kizingo", kama cha mto. Kizingo chanya na kizingo hasi vyaweza kukutana na kufutana bila lugha kugombana na hesabu.