Majina ya roboti kubwa katika anime

Majina ya roboti kubwa katika anime ni majina ambayo watunzi wa Japani wamezipa mashine kubwa zenye umbo la mtu katika filamu na vipindi vya katuni za nchi hiyo, ziitwazo anime. Mengi ya majina hayo hayakuchaguliwa kwa ajili ya mvumo wa sauti tu. Ndani yake mna maneno ya Kijapani, Kiingereza, Kigiriki na lugha nyingine yaliyounganishwa, kufupishwa au kufichwa. Mara nyingi jina hudokeza swali kuu la hadithi: nguvu kubwa namna hii iko mikononi mwa nani, naye ataitumia kwa jema au kwa baya?

Hadithi za aina hii hujulikana kwa jina la mecha, ambalo ni kifupisho cha Kijapani cha neno la Kiingereza lenye maana ya "-a mashine".

Asili ya neno roboti

Neno lenyewe "roboti" lina maana iliyosahauliwa na wengi. Lilianza kutumiwa na mwandishi wa Kicheki Karel Čapek katika tamthilia yake R.U.R. ya mwaka 1920. Alipewa wazo la neno hilo na ndugu yake Josef, kutokana na neno la Kicheki robota, yaani kazi ya kulazimishwa au shokoa. Hivyo tangu mwanzo roboti ni mtumwa, na swali la nani bwana wake limo ndani ya jina.

Watunzi wa Japani wamelikumbuka jambo hilo mara kadhaa. Katika Patlabor (1988), mashine kubwa za ujenzi huitwa labor, yaani "kazi" kwa Kiingereza. Jina la mfululizo ni muungano wa neno hilo na "patrol", yaani doria, kwa kuwa polisi nao hutumia mashine hizo kuwakamata wahalifu.

Njia za kuficha maana

Mwandiko

Kijapani huandikwa kwa kuchanganya aina tatu za maandishi. Kanji ni alama zenye asili ya Uchina, na kila moja ina maana yake. Hiragana na katakana huonyesha sauti tu. Majina mengi ya roboti huandikwa kwa katakana, mwandiko unaotumiwa hasa kwa maneno ya kigeni. Kwa njia hiyo neno la Kijapani linaweza kuvaa sura ya kigeni, na msomaji hulazimika kukisia mwenyewe ni kanji gani zilizofichwa nyuma ya sauti.

Sauti

Kijapani hutofautisha sauti ghuna, kama vile g, z, d na b, na sauti sighuna, kama vile k, s na t. Sauti ghuna huleta picha ya kitu kikubwa na kizito. Kitu kidogo kinachobingirika husemwa kuwa kinafanya korokoro, lakini jiwe kubwa hufanya gorogoro. Kiswahili hutia ukubwa kwa kubadili kiambishi, kama mtu anavyokuwa jitu na nyoka anavyokuwa joka; Kijapani kinaweza kuutia kwa kubadili sauti moja tu. Ndiyo sababu majina kama Gundam, Zaku, Dom na Gouf huvuma vizito masikioni mwa Wajapani hata kabla ya kujua maana yake.

Herufi na namba

Herufi V huonekana mara nyingi. Inaweza kusomwa kama mwanzo wa neno "victory", yaani ushindi, au kama namba 5 ya Kirumi. Voltes V (1977) hutamkwa "Voltes Faivu" na ina marubani watano, ambao vyombo vyao huungana kuwa roboti moja. Sehemu ya kwanza ya jina hukumbusha volti, kipimo cha umeme, na anwani kamili ya mfululizo huieleza roboti hiyo kuwa mashine ya nguvu kuu za sumaku-umeme.

Mifano mashuhuri

Tetsujin 28

Tetsujin 28-gō ni kazi ya Mitsuteru Yokoyama. Ilianza kuchapishwa kama hadithi ya picha mwaka 1956, ikatolewa kama anime ya televisheni mwaka 1963. Maana ya jina ni "mtu wa chuma namba 28". Namba hiyo inatokana na hadithi yenyewe: wanasayansi wa jeshi la Japani walikuwa wakijaribu kuunda silaha ya kuwaokoa na kushindwa katika Vita Kuu ya Pili, na jaribio la 28 ndilo lililofaulu, lakini vita vilikuwa vimekwisha.

Jina halisemi kama mtu huyo wa chuma ni mwema au mwovu, na kwa kweli si huyu wala yule. Tetsujin hana akili yake mwenyewe. Huongozwa na kijana Shōtarō Kaneda kwa kifaa cha mbali, na yeyote atakayekishika kifaa hicho ndiye bwana wake. Yokoyama, aliyezaliwa Kobe, alikuwa mtoto wakati mji huo ulipopigwa mabomu na ndege za Marekani.

Mazinger Z

Mazinger Z ni kazi ya Go Nagai ya mwaka 1972, na ndiyo iliyoeneza wazo la roboti kubwa inayoendeshwa na rubani aliye ndani yake. Kwa Kijapani jina hutamkwa "Majingā". Mlio huo unafanana kwa bahati tu na neno la Kiswahili "majinga". Hakuna uhusiano wowote. Nyuma yake kuna neno majin, linaloandikwa kwa kanji mbili: ma, yaani shetani au nguvu ya uchawi, na jin, yaani mungu.

Hadithi nzima imo katika kanji hizo mbili. Mzee Jūzō Kabuto, aliyeiunda roboti hiyo, anamkabidhi mjukuu wake Kōji na kumweleza kwamba kwa mashine hiyo anaweza kuwa mungu au kuwa shetani. Uamuzi ni wa kijana. Jina la ukoo nalo lina fumbo: kabuto ni kofia ya chuma ya samurai, na Kōji huiendesha Mazinger kwa kutua na chombo chake juu ya kichwa cha roboti hiyo, kama kofia.

Mmoja wa maadui, Baron Ashura, ana nusu ya mwili ya mwanamume na nusu ya mwanamke. Jina hilo linatokana na neno la Kisanskriti asura, viumbe wapenda vita katika imani za Kihindu na Kibuddha. Lisichanganywe na Ashura ya Kiislamu, siku ya 10 ya Muharram, inayotokana na neno la Kiarabu la "kumi".

Gundam na Zaku

Mobile Suit Gundam ilianza kurushwa mwaka 1979 chini ya uongozi wa Yoshiyuki Tomino. Katika matayarisho ya awali mradi uliitwa "Gunboy", na wazo la uhuru lilijitokeza mara nyingi. Waundaji waliunganisha neno la Kiingereza "gun", yaani bunduki, na silabi ya mwisho ya "freedom", yaani uhuru, wakapata "Gundom". Tomino aliibadilisha silabi hiyo kuwa "dam", yaani bwawa: silaha yenye nguvu ya kuwazuia maadui kama ukuta wa bwawa unavyozuia mafuriko. Hivyo jina lina maana ya kulinda, si kushambulia tu. Hata hivyo, askari wa upande wa pili waliokutana nayo vitani waliipa jina lao wenyewe: "shetani mweupe".

Roboti ya kawaida ya maadui huitwa Zaku. Jina hilo huhusishwa na zakuzaku, mlio wa hatua za askari wanaotembea kwa pamoja, na pia na neno zako. Zako ni samaki wadogo wa kila aina waliochanganyika wavuni, na kwa mafumbo ni watu wasio na cheo. Kiswahili hutumia "dagaa" kwa namna hiyo hiyo, pale wadogo wanapokamatwa na papa wakaachwa. Zaku huharibiwa kwa makundi katika karibu kila pambano, lakini mfululizo huu huonyesha pia kwamba ndani ya kila moja mna rubani mwenye jina na watu wake nyumbani.

Evangelion

Neon Genesis Evangelion, iliyoongozwa na Hideaki Anno, ilirushwa kuanzia Oktoba 1995 hadi Machi 1996 katika vipindi 26. "Evangelion" ni neno la Kigiriki euangelion, yaani habari njema. Ni neno lile lile ambalo, kwa kupitia Kiarabu, limekuwa "Injili" katika Kiswahili. Maneno ya mwanzo, "Neon Genesis", ni ya Kigiriki pia na yana maana ya "mwanzo mpya".

Kifupisho cha roboti hizo ni EVA, ambalo ndilo jina la Hawa katika lugha kadhaa za Ulaya. Fumbo hili si la bure. Baadaye hugunduliwa kwamba EVA si mashine tupu bali viumbe hai waliofungwa ndani ya deraya, na kwamba roho ya mama wa rubani Shinji Ikari imo ndani ya EVA anayoiendesha. Mtazamaji aliyelitambua jina la mama wa wote walio hai alikuwa amedokezwa siri hiyo tangu mwanzo.

Maadui wao kwa Kijapani huitwa shito, neno ambalo Wakristo wa Japani hulitumia kwa mitume wa Yesu. Kwa Kiingereza waundaji waliwaita malaika. Majina yao binafsi, kama Sachiel na Ramiel, huishia kwa -el, yaani Mungu kwa Kiebrania, kama ilivyo katika Gabrieli na Mikaeli.

Code Geass

Katika Code Geass (2006), Japani imetekwa na himaya iitwayo Britannia. Nchi inanyang'anywa jina lake na kuitwa "Area 11", yaani Eneo la 11, na wananchi wake wanaitwa kwa namba hiyo. Kwa hiyo majina ya roboti hapa ni sehemu ya vita. Roboti zote kwa ujumla huitwa Knightmare, mchezo wa maneno ya Kiingereza "knight", yaani shujaa wa farasi, na "nightmare", yaani jinamizi.

Roboti za kifahari za himaya huitwa kwa majina ya mashujaa wa mfalme Arthur wa hadithi za Uingereza, kama Lancelot, Tristan na Mordred. Za waasi wa Japani zina majina ya Kijapani: Burai, yaani mhuni, na Guren, yaani yungiyungi jekundu. Kallen, rubani wa Guren, baba yake ni Mbritannia na mama yake Mjapani, naye huchagua kutumia jina la ukoo la Kijapani. Lancelot huendeshwa na Suzaku, kijana wa Kijapani aliyejiunga na jeshi la watawala. Katika hadithi za kale, Lancelot ndiye shujaa mpendwa aliyemsaliti mfalme wake. Mtazamaji anaachwa ajiulize Suzaku anamsaliti nani.

Yungiyungi jekundu limo pia katika jina la Gurren Lagann (2007). Katika Ubuddha wa Japani neno guren hutumika pia kwa jehanamu ya baridi kali, ambako ngozi hupasuka kama ua hilo.

Majina yanapovuka mipaka

Maana nyingi hupotea katuni zinapotafsiriwa. Grendizer (1975), iliyo ndugu wa Mazinger Z, iliitwa Goldorak nchini Ufaransa mwaka 1978, jina lililoundwa kutoka "Goldfinger" na "Mandrake". Katika nchi za Kiarabu tafsiri iliyotengenezwa Lebanon ilibakiza jina la Grendizer. Ilipendwa mno, na mwaka 2022 sanamu yake yenye urefu wa zaidi ya mita 30 ilisimamishwa mjini Riyadh. GoLion (1981), ambamo go ni "tano" kwa Kijapani na "lion" ni simba kwa Kiingereza, iligeuzwa kuwa Voltron nchini Marekani, na simba watano wakatoweka katika jina. Kwa upande mwingine, kiongozi wa Transformers anayeitwa Optimus Prime, kutokana na Kilatini optimus, "aliye bora kabisa", nchini Japani aliitwa Convoy kwa sababu hugeuka kuwa lori.

Wakati mwingine jina hupata maana mpya. Nchini Ufilipino, Voltes V ilipigwa marufuku na serikali ya Ferdinand Marcos mwaka 1979, muda mfupi kabla ya vipindi vyake vya mwisho. Sababu iliyotolewa ilikuwa vurugu zilizomo. Kwa kuwa hadithi yenyewe inahusu uasi dhidi ya watawala wenye pembe wanaowafanya watumwa wasio na pembe, kwa Wafilipino wengi jina hilo likawa kumbukumbu ya udikteta. Toleo jipya lenye waigizaji, Voltes V: Legacy, lilitengenezwa nchini humo mwaka 2023.

Mipaka ya ufafanuzi

Si kila jina lina fumbo zito. Macross (1982) ni jina lililotokana na mapatano: waundaji walitaka "Megaroad", na mfadhili mmoja aliyempenda Shakespeare alitaka "Macbeth". Kazuya Tsurumaki, aliyekuwa mwongozaji msaidizi wa Evangelion, alieleza kwamba alama za Kikristo zilitumiwa kwa kuwa dini hiyo haikuenea sana Japani na hivyo zingeonekana za ajabu. Maelezo haya hayaondoi maana ya maneno yenyewe, ila yanamtahadharisha msomaji asitafute mafundisho ya dini mahali ambapo hayakukusudiwa.

Jina pia linaweza kuishi zaidi ya maana yake ya kwanza. Mwaka 2009 sanamu kubwa ya Tetsujin 28 ilijengwa Kobe, kama ishara ya mji huo kuinuka tena baada ya tetemeko la ardhi la mwaka 1995. Mtu wa chuma aliyebuniwa katika hadithi kama silaha ya vita sasa amesimama katika mji alikozaliwa mtunzi wake, akiwa ishara ya ujenzi mpya.